Vijana Wetu na Safari ya Miguu Milimani



Kwa muda wa miezi michache sasa tumekuwa tukipokea barua na maulizo ya wazee juu ya jambo ambalo zamani halikuwa katika madrasa zetu, nalo ni safari za miguu za vijana: kupanda milimani kwa siku tatu au nne, chakula mgongoni, malazi ndani ya mahema. Wako wazee walioona kuwa huu ni upuuzi wa kuiga. Wako na wengine waliofurahi hata wakatia saini karatasi ya ruhusa kabla hawajajua mtoto anapelekwa mlima gani. Na kwa kuwa sisi tumekwisha kuwachukua vijana wa madrasa yetu kutoka hapa Tanga hadi Usambara, twaona ni wajibu wetu kueleza safari kama hii hupangwa vipi, na mzee aulize nini kabla ya kumtoa mwanawe.

Kutembea si ugeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani kwenda bara ilipita chini ya milima hiyo hiyo ya Usambara kwa miguu. Kila msafara ulikuwa na kirangozi wake mbele na mnyapara wake, na kila mtu akijua mzigo wake na kituo chake cha kulala. Miguu tunayo bado. Utaratibu ule ndio uliotupotea.

Swali ambalo wazee wengi hutuuliza ni moja: "Je, watafika?" Kwa maoni yetu swali hilo lingoje. La kutangulia ni hili: wakishindwa, watarudi wapi, na nani atakayesema turudi? Safari isiyokuwa na jawabu la swali hilo isiruhusiwe, hata kama viongozi wake ni watu wema na mahema yao ni mapya.

Tutatoa mfano wa kweli, japokuwa ni wa mbali, kwa kuwa ulifanyiwa uchunguzi rasmi na mambo yake yakajulikana. Mwezi wa Novemba 1971, vijana wa skuli moja ya Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, walipelekwa katika milima ya Cairngorms kwa safari ya siku mbili ya kujifunza kutumia ramani na dira. Walikwenda makundi mawili. La wenye uzoefu zaidi lilitangulia. La pili, lenye watoto sita wa miaka kumi na mitano na viongozi wawili ambao wenyewe walikuwa vijana, likafuata. Huko juu hali ya hewa ikachafuka, ikawa ni upepo na theluji. Makundi yote mawili yakielekea kibanda kimoja kidogo kilichojengwa kwenye uwanda wa juu ili watu wajisitiri. Kundi la kwanza likakifikia. La pili halikukifikia, likakaa nje mausiku mawili katika dhoruba. Watoto watano na yule kiongozi msaidizi wakafa kwa baridi. Aliyekuwa mkubwa wao akapona pamoja na mtoto mmoja, nao wakiwa taabani. Baada ya uchunguzi, masharti juu ya elimu na uzoefu wa wanaoongoza watoto milimani yakakazwa katika nchi ile, na vibanda vya uwanda wa juu vikaondolewa, kwa kuwa vilikuwa vikiwatumainisha watu mahali ambapo theluji ikianguka hapaonekani.

Tazameni, ndugu zetu. Watu wale hawakuwa wajinga, wala hawakukosa nguo. Lakini wenye nguvu walikuwa mbele na wanyonge nyuma peke yao, na tumaini lao lote lilikuwa mahali pamoja. Mambo mawili hayo yaweza kutokea Usambara kama yalivyotokea Uskoti, na hayataki theluji.

Msomaji atasema: huku kwetu ni nchi ya jua, baridi itamwua nani? Hapa ndipo watu wa pwani tunapodanganyika. Baridi yaweza kumwingia mtu na kumdhuru hata pasipo barafu wala theluji, maadamu amelowa, upepo unampiga, amechoka na tumbo ni tupu. Nguo ya pamba iliyolowa hushikilia maji, ikauondoa ujoto wa mwili upesi kuliko nguo kavu. Kijana huanza kutetemeka, kisha hujikwaa kila hatua, maneno yake yakavurugika, akanuna au akanyamaza kimya, na wenziwe wakadhani ni kiburi au uvivu. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, msiseme amepata nafuu. Hiyo ndiyo khatari yenyewe. Dawa yake ni kusimamisha safari hapo hapo, kupiga hema, kumvua nguo zilizolowa na kumvika kavu, kumfunika pamoja na mwenziwe, na kumpa kinywaji cha moto chenye sukari nyingi ikiwa ana fahamu za kumeza. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu kama tufanyavyo majumbani. Kila kijana katika msafara yampasa azijue dalili hizi, kwa kuwa anayepatwa hazioni mwenyewe.

Sasa tuje katika upangaji. Kwa vijana ambao hawajapata kutoka, hatuwashauri waanzie Kilimanjaro wala Mlima Kenya. Kilimanjaro ina mita 5,895 na Mlima Kenya mita 5,199, na juu ya mita 3,000 hewa yenyewe huwa nyepesi, kichwa huuma na kifua huzidiwa, na mwili hutaka kupandishwa pole pole, kiasi cha mita 500 tu kutoka malazi ya leo hadi malazi ya kesho. Hilo ni somo jingine na lina walimu wake. Sisi tuliichagua njia ya Lushoto kwenda Mtae, kupitia msitu wa Magamba, mwendo wa siku tatu hata nne. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na sehemu za juu za Magamba hupita mita 2,000. Si nchi ya simba na tembo. Hao wako chini, katika mbuga ya Mkomazi ambayo mtu akisimama Mtae huiona yote imetandazwa kama busati. Msituni mna mbega na ndege wa kila namna. Na zaidi ya hayo yote, hiyo ni nchi ya watu. Kila baada ya mwendo kuna kijiji cha Wasambaa, kuna mashamba ya viazi na kabichi, kuna msikiti, na barabara ya gari haiko mbali sana. Wenye kupenda pori tupu huiona hii kuwa kasoro. Kwetu sisi, tulio na amana za watu, ndiyo sababu ya kuichagua: kila siku ya safari ina mlango wa kutokea.

Msitu wa Magamba ni hifadhi, hauingiwi bila ya kibali na ada, na hayo yatengenezwe mapema. Tena achukuliwe kirangozi mwenyeji wa huko. Tunajua wako walimu wanaoona kuwa fedha ya kirangozi ni ya kupotea bure maadamu simu ya mkononi ina ramani. Simu huisha moto, na ramani ya simu haijui kwamba daraja la miti limechukuliwa na maji wiki iliyopita. Juu ya hayo, kiongozi mmoja wa safari aende mwenyewe kuipita njia yote kabla ya vijana, aione kwa macho yake, aandike chemchemi ziko wapi, wapi pa kupiga hema, na kila mahali ambapo mtu aweza kushuka barabarani.

Wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba. Machi mpaka Mei ni masika, njia za udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Na vuli ya Oktoba mpaka Disemba nayo haiaminiki. Lakini mjue kwamba hiyo Juni na Julai isiyokuwa na mvua kubwa ndiyo yenye baridi kali ya usiku, na manyunyu na ukungu hayakosekani milimani. Ikiwezekana, safari iangukie katikati ya mwezi wa Kiislamu, tarehe 13, 14 na 15, ili mbalamwezi isaidie usiku. (Vijana wetu wawili walitaka kuzifunga siku hizo huko huko milimani. Tukawakataza, funga ile ni ya sunna na mzigo ni wa kilo kumi.)

Kupima mwendo wa siku ni jambo ambalo wengi hulikisia tu, nalo lina hesabu. Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kipimo mwaka 1892 ambacho wapanda milima hukitumia hata leo: kwa kila maili tatu, yaani kilomita tano, weka saa moja; na kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita 600 hivi, ongeza saa moja nyingine. Basi siku ya kilomita 15 yenye kupanda mita 600 ni saa nne. Lakini kipimo hicho ni cha mtu mzima mwepesi wa miguu. Kwa vijana wenye mizigo sisi huongeza nusu yake, ikawa saa sita. Kisha saa mbili za kupumzika, kula na kuswali, jumla saa nane. Wakiondoka saa moja asubuhi watafika saa tisa alasiri. Jua la huko hutua karibu saa kumi na mbili na nusu, na katika nchi zetu giza halina subira, nusu saa tu usiku umeingia. Kwa hiyo pana akiba ya saa tatu na zaidi. Siku ambayo hesabu yake haiachi akiba kama hiyo ikatwe vipande viwili.

Na hesabu yote hiyo hufanywa kwa mwendo wa kijana aliye mzito kuliko wote. Huyo ndiye awekwe mbele, nyuma ya kirangozi, wala asiachwe mkiani. Akiwa mkiani, wenziwe hufika kituoni, hupumzika, na yeye akitokea tu wao huinuka kwenda; mchovu kuliko wote ndiye asiyepata mapumziko. Nyuma kabisa awe mtu mzima, na asipitwe na mtu yeyote. Kundi letu ni watu kumi na wawili, vijana tisa na watu wazima watatu, na kwa maoni yetu watu wazima wasipungue hapo: mmoja akibaki na mgonjwa, na mmoja akienda kutafuta msaada, awepo wa tatu wa kubaki na wengine.

Mafunzo yaanze miezi miwili kabla. Sisi huwapeleka kwa miguu kutoka mjini mpaka mapango ya Amboni na kurudi, kiasi cha kilomita 16, wamebeba shanta zenye mzigo na wamevaa viatu vile vile watakavyovivaa mlimani. Kiatu kipya ni adui. Huko ndiko tunakomjua mwenye malengelenge, mwenye goti bovu, na yule anayekwenda mbio saa ya kwanza akaomba kubebewa mzigo saa ya tatu. Mvulana aliyekosa matembezi hayo mara mbili pasipo udhuru, hatumchukui, hata kama babake ndiye aliyenunua mahema.

Tutawasimulia khabari ya mzee mmoja, aliyekuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake, kwa kuwa alitufunza jambo. Alitujia baada ya sala ya Ijumaa. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa.

"Maalim," akasema, "nasikia mnamchukua mjukuu wangu mlimani."

"Ndiyo, mzee wetu, ukiridhia."

"Mtafika huko Mtae?"

"Huenda tukafika, na huenda tusifike."

Akatutazama kwa muda. "Nahodha ni nani?"

Tukamtajia yule tuliyemchagua kuwa amiri wa safari, kwani ni sunna ya wasafiri kuwa na amiri mmoja, wawapo watatu au zaidi.

"Na yeye akisema geuza, wenziwe wana la kusema?"

"Hawana."

"Na wazee mmewaambia kwamba huenda mkageuza? Maana mimi nimepata kurudisha chombo Pangani kwa ajili ya wingu tu, na abiria wakanitukana mpaka gatini, kwa kuwa nauli walikwisha toa. Nahodha akiwa na khofu ya matusi atakwenda mbele."

Maneno hayo tuliyachukua yakawa kifungu katika karatasi ya ruhusa, na tungependa kila madrasa iyachukue. Mzee hutia saini kwamba amejua kuwa safari yaweza kukatwa siku yoyote kwa amri ya amiri, kwamba fedha iliyotumika haitadaiwa, na kwamba hatamlaumu amiri kwa kurudi. Twaona kifungu hicho kina faida kuliko dawa zote za kisanduku, kwa kuwa humwondolea kiongozi aibu kabla hajapanda gari.

Basi yule mzee akaaga, akafika mlangoni, akarudi. "Kijana ana pumu," akasema kwa sauti ya chini. "Mamake hapendi itajwe."

Ndugu zetu, na hasa kina mama, hapa tunawasihi. Pumu, kifafa, kisukari, selimundu, kukojoa kitandani, mzio wa nyuki au wa chakula fulani, haya yote aambiwe kiongozi kwa siri, naye ayatunze kama siri. Mtoto wa pumu aweza kupanda mlima. Yule mjukuu alipanda, dawa yake ya kuvuta moja mfukoni mwake na ya pili kwa amiri, akiwa wa pili katika mstari ili mwendo uwe mwendo wake. Lakini mtoto ambaye pumu yake haijulikani, akianza kuhema juu ya kilima kwenye ukungu, ataambiwa akaze moyo kama wenziwe.

Siku ya pili ya safari ile mvua isiyotarajiwa ilitushika baada ya adhuhuri, pamoja na upepo. Vijana wawili walikwisha kulowa hata ndani, na mmoja wao akaanza kujikwaa. Amiri akasema tushuke. Tukashuka barabarani mwendo wa saa moja, watu wa kijiji wakatufungulia msikiti, wakatuletea uji wa moto na kuni za kukaushia nguo. Mtae tulikwenda kesho yake kwa gari. Baadhi ya vijana walinuna njia nzima, mmoja akasema kwamba tumekwenda Mtae kama magunia ya viazi. Mzee nahodha alipopata khabari hiyo alicheka sana.

Juu ya mizigo hatutasema mengi, ila mambo yanayokosewa. Mzigo usizidi sehemu moja katika tano ya uzito wa mtu. Kijana wa kilo 50 abebe kilo 10, basi. Nguo za kulalia, fulana ya sufu na soksi kavu zifungwe ndani ya nailoni nzito katikati ya shanta, wala zisivaliwe mchana kwa sababu yoyote. Koti la mvua liwe juu kabisa, mkono ulifikie. Kila kijana awe na tochi yake, filimbi shingoni, na sindano na uzi. Kanzu moja nyepesi yatosha, na kandambili za kituoni. Redio, mito ya kulalia na vyungu vya mama virudi nyumbani. Kila mwaka twavirudisha.

Chakula kikavu ni kiasi cha gramu 700 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa watu kumi na wawili kwa siku nne ni kilo 33 na ushei, na hizo zigawiwe sawasawa katika shanta. Maharage makavu yaachwe. Huko juu maji huchemka kabla ya kufikia moto wake wa pwani, na maharage yatakaa jikoni mpaka watu walale na njaa. Chukueni mchele, unga, tambi, dagaa waliokaangwa, karanga, tende, sukari, chumvi na tangawizi. Tende na karanga zikae mifukoni, zililiwe njiani kila saa. Kuni zisikatwe msituni. Jiko dogo la gesi lafaa zaidi, nalo lisiwashwe ndani ya hema asilani, kwani moshi wake usioonekana umekwisha kuua watu waliolala.

Maji ya mito ya Usambara ni meupe yanapendeza, na juu yake kuna zizi la ng'ombe. Yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, na juu ya mita 2,000 dakika tatu. Mtu mmoja atahitaji lita tatu hadi nne kwa siku pamoja na ya kupikia. Akipatwa na kuhara, apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kupangusa. Haja kubwa iwe umbali wa hatua 80 au zaidi kutoka kwenye maji na njia, katika shimo la kina cha shubiri moja, lifukiwe. Kuchafua maji, njia na kivuli ni jambo ambalo sheria yetu imelikataza tangu zamani, na ni aibu kwamba vijana wanaolihifadhi somo hilo ubaoni hulisahau kwenye mto wa watu.

Katika ibada hapana uzito. Kwa aliyetoka Tanga kwenda Lushoto umbali wa kupunguza sala umekwisha kupita, na msafara unaohama kila siku haukai mahali siku nne za kuuondolea hukumu ya safari. Basi adhuhuri na alasiri husaliwa pamoja, rakaa mbili mbili, katika mapumziko ya mchana, na mwendo wa jioni ukawa huru. Kibla cha huko ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo mno, na dira ile ile ya njia hukionyesha. Tulifurahi kuona kwamba kijana ambaye hakupata kuielewa dira darasani aliielewa siku alipoambiwa atuelekeze kibla katika ukungu.

Wasomaji wanawake wametuuliza juu ya mabinti. Hewa ya mlimani haikuumbwa kwa wavulana peke yao. Kwa sasa madrasa yetu huwapeleka mabinti pamoja na mama zao na walimu wao wa kike, wakilala Lushoto nyumbani kwa jamaa, na mchana hutembea kwa miguu mpaka Irente, kilomita sita hivi, kutazama nchi ya chini mpaka Mombo. Walimu wa kike wenye kutaka zaidi ya hapo washauriane na masheikh wa miji yao na wazee wa mabinti hao.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Kabla ya gari kuondoka, amiri aandike nakala mbili: majina yote, namba za simu za wazee, njia ya kila siku, mahali pa kulala, mahali pa kutokea, na saa ambayo khabari za msafara lazima ziwe zimefika mjini. Nakala moja ikae kwa mtu mwaminifu Tanga, ya pili kwa mwenyeji wa Lushoto. Sisi huweka saa tatu usiku. Ikipita saa hiyo pasipo neno, mwenye karatasi humpigia simu mwenyeji, naye huwatuma watu wa vijiji vya njiani waulize, na asipopata jawabu alfajiri huenda kwa watu wa hifadhi na polisi. Mwenye karatasi asiwe mtu wa kusema "labda simu zao zimeisha moto." Na asiiweke kando mpaka vijana wawe wamehesabiwa mmoja mmoja mbele ya mlango wa madrasa.

Maulizo ya tayamamu penye maji ya baridi kali, na ya kupaka maji juu ya khufu kwa msafiri, yametufikia mengi. Tutayajibu katika toleo la mwezi ujao, inshallah.